Jinsi ya Kuijenga Bukavu ya Kijani: Maagizo ya Kufuatwa Kuanzia Juu ya Mlima

Usichore chochote wakati wa kiangazi. Hilo ndilo agizo la kwanza, na atakayelivunja atarudi mwanzo. Kati ya Juni na Agosti Bukavu huwa nzuri kupita kiasi: ziwa limetulia, vumbi limekaa juu ya majani ya miparachichi, na mtaalamu aliyefika jana anaona kila mahali nafasi ya bustani, njia ya baiskeli na mkahawa wenye viti vya mbao. Akitoa kalamu, mnyang'anye kwa heshima. Mwambie arudi Novemba, apande hadi Kadutu, asimame chini ya bati la mtu na kungoja mvua. Ikishaanza, asitazame mawingu, atazame miguuni. Ayafuate maji kwa macho: yametoka juu ya bati gani, yameingia ua wa nani, yamebeba nini, yanaishia wapi. Mchoro wa mji wa kesho unaanzia kwenye swali hilo la mwisho.

Baadhi ya maagizo humu yatakuchekesha. Cheka, kisha uyafanye. Hakuna hata moja nililoliandika kwa mzaha. Naupenda mji huu, na ninataka wajukuu wetu waukute.

Chora bega kabla ya vidole

Kila mtoto wa Bukavu ameambiwa kwamba mji wetu ni mkono uliotumbukizwa katika Ziwa Kivu, rasi tano zikiwa vidole vitano. Ni picha nzuri, na imetuponza. Tangu Wabelgiji walipoupanga mji na kuuita Costermansville, wachoraji wameshughulikia vidole. Huko Ibanda, kwenye La Botte, Nguba na Muhumba, waliweka nyumba za Wazungu, majumba yenye kona za mviringo ambayo wapenda usanifu huyapiga picha hadi leo, maua, na barabara za kutembelea jioni. Waafrika walipangiwa Kadutu, mlimani, na baadaye Bagira, ambako miaka ya 1950 shirika la Office des Cités Africaines lilijenga nyumba kwa mistari. Jina la Costermansville liliondoka katika miaka hiyo hiyo. Mgawanyo haukuondoka nalo.

Leo mji una watu zaidi ya milioni moja. Wengi wao hawakuja kutafuta taa za barabarani. Walikimbia: vita ya 1996, ile ya 1998, na miaka mingi ya bunduki huko Kalehe, Shabunda, Mwenga na Walungu. Anayekimbia hatafuti kiwanja chenye hati, anatafuta mahali panapoweza kubeba nguzo nne. Mahali hapo pakawa Funu, Cimpunda, Nkafu, kingo za mto Kahuwa na za mto Wesha. Ofisini wanayaita majengo ya ovyo. Mimi nasema vita ndiyo iliyokuwa mpangaji mkuu wa mji wetu kwa miaka 30, na mpango wowote mpya uandike hivyo kwenye ukurasa wake wa kwanza, kabla ya kumlaumu mama aliyejenga kwa mbao juu ya mtaro.

Basi chora bega. Tandaza karatasi, weka Funu na Cimpunda juu, kwa ukubwa, kila njia na kila bomba lionekane, halafu rasi zichorwe mwisho, kwa nafasi itakayobaki. Sifanyi hivi kwa huruma peke yake. Mji uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, vilima vyake vimesimama wima juu ya ziwa, na kila kitu kinacholegea huko juu kinashuka. Udongo unashuka, choo kilichofurika kinashuka, chupa na sahani za plastiki zinashuka. Ukuta wa jumba la kando ya ziwa huzuia wezi lakini hauzuii tope. Mwisho wa Desemba 2023 mvua kubwa iliua watu katika komine ya Ibanda, komine hiyo hiyo yenye rasi nzuri. Mji wa namna hii hauwezi kuwa wa kijani chini na wa tope juu. Haiwezekani kwa haki, na haiwezekani kwa mwendo wa maji.

Bidoni ya lita 20

Agizo hili ni la yeyote anayeshika mhuri wa mji, awe amechaguliwa, ameteuliwa au ameingia na bunduki. Chukua bidoni ya manjano ya lita 20. Nenda bombani usiku, maana katika kartie (mitaa) nyingi maji huja usiku. Ukifika, sema, "Jambo, bamama," kisha ukae nyuma ya foleni. Usikubali kupitishwa mbele. Waliotangulia ni wakubwa wako kwa saa hiyo. Ikijaa, ipandishe Funu kwa miguu. Lita 20 ni kilo 20, na watoto wa shule hubeba mzigo wa namna hiyo kabla ya kwenda darasani. Ukifika juu usitoe hotuba. Tia sahihi bajeti ya maji.

REGIDESO, shirika la maji, huleta maji kutoka upande wa Murhundu, kuelekea msitu wa Kahuzi, kwa mabomba yaliyotandikwa kwa ajili ya mji mdogo kuliko huu. Kila bomba linalokauka linamlazimisha msichana fulani kutoka gizani. Hapa naomba tuache kucheka kidogo. Bukavu ndiko iliko Hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, na ambayo imewatibu maelfu kwa maelfu ya wanawake walioumizwa kwa ubakaji. Mwaka 2018 alipopewa Nobeli ya Amani tulifurahi barabarani kana kwamba ni sisi sote tuliopewa. Mji wenye historia hiyo hauna ruhusa ya kumtuma msichana bombani saa nane za usiku. Katika Bukavu ya kesho bomba liko karibu na nyumba, lina taa, na lina maji mchana. Mengine yote yanayoitwa ya kijani yatafuata nyuma ya bomba hilo.

Wakati tunangoja mabomba mapya, kuna hesabu ya kufanya na watoto wa shule ya msingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bukavu hupata milimita 1,300 au zaidi kwa mwaka. Nyumba ndogo ya Kadutu yenye bati la mita za mraba 30 hupokea basi lita 39,000. Gawa kwa 20: bidoni 1,950. Yaani kila mwaka bidoni 1,950 zinaanguka juu ya kichwa cha mama aliyelala macho akingoja bomba, halafu zinashuka zikichimba msingi wa jirani yake wa chini. Mpe mfereji wa kukinga pembeni mwa paa na tangi lenye kifuniko. Mvua ya kwanza imwagwe, maana inaosha bati. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Yaliyobaki yafulie, yaoshee, yamwagilie lengalenga.

Ila Funu ina sharti lake, na hapa kila mpenda mazingira asome polepole. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Antoine Dille walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchunguzi wa mteremko huo. Walilinganisha picha zilizopigwa kutoka ndegeni tangu zama za ukoloni na vipimo vya setilaiti, karibu miaka 70 kwa jumla. Mlima unatembea. Umekuwa ukitembea muda mrefu, polepole, nyumba zikiwa mgongoni mwake. Jambo la kuumiza ni kwamba mji wenyewe umeuongezea mwendo: namna tulivyojenga imebadilisha njia za maji, na mabomba yanayovuja ni sehemu ya habari hiyo.

Sasa fungua kitabu chochote cha miji ya kijani. Kitakuambia uyaache maji yazame ardhini. Wachina wamejenga mitaa mizima kwa wazo hilo, wakiiita miji ya sifongo, na kwenye tambarare zao ni wazo jema. Funu ukiyazamisha maji ardhini, unaulainisha mlima unaotembea. Kwa hiyo huko hakuna shimo la kuzamisha maji. Kuna matangi madogo, mengi, kwa sababu tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja na mlima huo hautaki tani nyingi mahali pamoja. Kila tangi lina mdomo wa kufurikia, na mdomo huo unaingia kwenye mtaro uliosakafiwa, usio na ufa, unaoshuka hadi mtoni. Fundi wa kuziba mabomba yanayovuja alipwe vizuri kuliko mpanda maua, na gari la REGIDESO likionekana Funu, watoto waliimbie. Mtu anayeziba ufa wa bomba huko anauongezea mji miaka.

Ngazi kabla ya tramu

Nimeona michoro ya miji ya kesho yenye treni za angani. Sina chuki nayo. Mji wa Medellín huko Kolombia, wenye vilima kama vyetu na historia ya bunduki kama yetu, ulianza mwaka 2004 kuwapandisha watu wa milimani kwa vibanda vya kamba, na mwaka 2011 ukaweka ngazi za umeme katika Comuna 13. Jambo la kujifunza huko ni mahali walipoanzia: walianza na watu wa juu. Umeme wao tutauiga siku tutakapokuwa nao. Ngazi za kawaida, za mawe na saruji, tunaweza kuzianza kabla ya mvua ijayo, na mawe tunayo, na mafundi tunao.

Ngazi ya Bukavu ya kijani ina vipimo vyake. Upana wake ni watu wanne waliobeba mgonjwa kwenye machela, wakipishana na mama mwenye gunia. Kipimo hiki kichukuliwe kwa watu wenyewe, palepale, kabla ya saruji kumwagwa. Urefu wa kila daraja uamuliwe na bamama wabeba mizigo, wale wanaopandisha mchanga, makala (makaa ya kupikia) na unga kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Hao wanaujua mteremko kwa magoti yao. Mhandisi akitaka daraja la sentimita 20 nao wakasema 15, ni 15. Walipwe siku hiyo kama wanavyolipwa wataalamu, kwa sababu ndivyo walivyo. Kisha ngazi ipite mbele ya watu wa kituo cha Heri Kwetu, wenye ulemavu, waseme ni wapi panahitaji chuma cha kushika, wapi pa kupumzikia, na wapi njia ya mzunguko isiyo na daraja ipite kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Pasipofaa, pavunjwe pajengwe tena.

Pembeni mwa ngazi upite mtaro. Kwenye kila kituo upandwe mti unaoliwa. Nasisitiza: unaoliwa. Mti wa mapambo hukatwa kuni usiku wa kwanza wenye njaa, na siwezi kumlaumu aliyeukata. Mparachichi una walinzi tangu unapochanua. Kwenye kingo ipandwe vetiva, nyasi ambayo mizizi yake hushuka hadi mita tatu na kuushika udongo.

Ngazi hiyo hiyo ni ulinzi dhidi ya moto. Kadutu na Ibanda zimeungua mara nyingi, nyumba za mbao zikiwa zimebanana kiasi kwamba gari la zimamoto husimama mbali na kutazama. Mita nne za jiwe zisizo na ubao zinaweza kuuchelewesha moto, na watu wakapata nafasi ya kukimbia na ya kupitisha ndoo.

Kutakuwa na nyumba zitakazolazimika kuondoka, za juu ya mtaro na za ukingoni mwa mto. Agizo hapa ni fupi: usiweke alama nyekundu ukutani kwa mtu kabla hujamshika mkono ukampeleka kuona kiwanja chake kipya, chenye maji, karibu na soko. Familia iliyokwisha kukimbia mara tatu isikimbizwe mara ya nne na mpango wa kijani.

Andika jina la avenue yako kwenye chupa

Zoezi la shule, mwezi mzima. Kila mwanafunzi aandike, kwa wino usiofutika, jina la avenue yake juu ya kila chupa ya plastiki inayoingia nyumbani kwao. Hakuna kubadilisha tabia kwa mwezi huo: anayetupa atupe anapotupa siku zote, anayekusanya akusanye. Halafu darasa lishuke hadi bwawa la Ruzizi na kusoma majina.

Mto Ruzizi ndio mdomo pekee wa Ziwa Kivu. Unatoka hapa mjini kwetu, unashuka hadi Tanganyika, na kutoka huko maji hupita Lukuga hadi mto Kongo. Chupa iliyoachwa kwenye mtaro wa Nkafu ina safari ndefu mbele yake, lakini nyingi hazifiki mbali. Zinasimama kwenye bwawa la Ruzizi I, ambalo lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na bado linabeba mji. Huko plastiki hujaa juu ya maji hadi huoni maji, na wafanyakazi wa SNEL, shirika la umeme, huingia na mtumbwi kuizoa kwa mikono ili mashine zipumue. Mashine ikizibwa, umeme unakatika. Umeme ukikatika, Nguba na Kadutu zinawasha makala usiku mmoja. Chupa yako ya juisi imekuzimia taa.

Watoto wakishasoma majina, orodha ibandikwe kwenye Uwanja wa Uhuru, avenue baada ya avenue. Chefu wa avenue iliyoongoza apewe toroli kumi siku hiyo hiyo, maana atakuwa amethibitisha kwamba kwake hakuna pa kutupia taka. Hapo ndipo tunapokosea kila mara: tunaanza na faini. Salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya usafi, tumeizoea tangu zama za Mobutu, na watu huitika. Wanazoa tope la kanivo, yaani la mtaro, wanalirundika pembeni mwa barabara, na kwa kuwa hakuna gari la kulibeba, mvua ya Jumatatu hulirudisha kanivoni. Kabla ya kumwamuru mtu ashike jembe, hakikisha toroli ipo, njia ya toroli ipo, na mahali toroli inapomwaga papo.

Sheria nayo tunayo. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki katika nchi nzima. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2008, na ukivuka daraja la Ruzizi kwenda Kamembe unaona tofauti kabla hujagonga mhuri. Mto ni ule ule, mvua ni ile ile, na hata mama muuza sambaza anaweza kuwa yule yule, asubuhi ng'ambo na jioni huku. Ng'ambo anabeba samaki wake bila mfuko wa plastiki kwa sababu hapati wa kununua. Basi msimwandame muuzaji wa vifungu vya sambaza kwa ajili ya mfuko wa franka mia. Andameni lori linaloingiza mifuko, na ghala linaloihifadhi. Ni machache, yana anwani, yana milango.

Na chupa ambazo zimekwisha kufika ziwani? Nicole Menemene na kampuni yake ya Plastycor wamezigeuza kazi: plastiki iliyookotwa Ziwa Kivu inakuwa vikapu, vyungu vya maua na viti vidogo. Mji ununue kwao. Kila ofisi ya komine, kila shule, kila kituo cha afya kiwe na pubeli za taka na viti vilivyotoka katika mikono ya namna hiyo, na ulipaji uwe wa wakati.

Kwa wenye majumba ya kando ya maji nina zoezi fupi zaidi. Chukua rangi isiyo na sumu, imwage chooni, kisha ukae kwenye bustani yako ukitazama ziwa. Rangi ikitokea, muite fundi leo. Ikiwa ukuta wako pia umefunga njia ya watu kufika ziwani, fundi huyo huyo abomoe mita mbili kabla hajaondoka. Mtoto wa Cimpunda anastahili kuyagusa maji yanayoupamba mji wake bila kulipia soda.

Makala yanatoka kwa mtu

Kuna aina ya mji wa kijani ninayoikataa: ule unaopata hewa safi kwa kumfukuza mtu mwingine. Tumekwisha kuufanya. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kilomita zipatazo 30 kutoka mjini, ilianzishwa mwaka 1970 na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Ni fahari yetu, pamoja na sokwe wake. Lakini Batwa walioishi humo waliondolewa bila ardhi ya badala, na watoto wao wamezaliwa kwenye vijiji vya ukingoni, wakiwa vibarua katika mashamba ya wengine. Julai 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliokubali kwamba haki zao zilivunjwa na kutaka warudishiwe ardhi yao. Mtu anayechora Bukavu jumuishi na kuuacha uamuzi huo nje ya karatasi amechora mapambo.

Maana msitu huo na jikoni zetu zimeunganishwa na gunia. Mji wenye bwawa la umeme mlangoni unapika kwa makala. Mbabula, jiko la makala, inawaka kila ua, na sehemu ya magunia hayo imetoka katika miti ya Kahuzi, huku makundi yenye silaha yakichukua fungu lake njiani. Ruzizi III, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi zimepanga kuijenga pamoja kwa megawati 206, itasaidia siku itakapowaka. Naagiza hivi: fungu la Bukavu la umeme huo liandikwe kwanza kwa jiko. Kabla ya taa za mabango, kabla ya hoteli, mama wa Kadutu apate umeme wa kuchemsha maharage kwa bei iliyo chini ya makala ya siku hiyo. Mpaka hapo, briketi za taka za jikoni na mbabula zinazobana moto zisitozwe kodi hata ya franka moja, na Mtwa anayeotesha miche kwenye kingo za hifadhi alipwe mshahara na mji unaokunywa maji ya milima ile.

Fedha

Utaulizwa fedha zitatoka wapi, hasa sasa. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, benki zikafunga milango, ndege za uwanja wa Kavumu zikasimama. Wengi walisema kuzungumzia miti wakati huo ni anasa. Lakini mvua ya mwaka huo haikusimama kungoja mazungumzo, na mlima wa Funu hauulizi nani yuko ofisini.

Anzia kwenye kasha. Mji huu umejaa MUSO, mikutano ya akiba ya bamama na bababa, na kila MUSO ina kasha la kijani la kukopeshana na kasha jekundu la kusaidiana wakati wa msiba na ugonjwa. Yote mawili hufunguliwa mbele ya macho ya wote, kila senti ikisemwa kwa sauti. Hayahitaji Kinshasa wala ndege ya Kavumu kuyafungua. Mfadhili akija na fedha za mtaro, zihesabiwe kwa utaratibu huo: fedha zimwagwe mezani, kwenye avenue yenyewe, mtunza hazina akiwa mama anayeaminiwa na majirani zake, na fundi alipwe kila mita kumi zinapokamilika na kumwagiwa bidoni tatu za maji ili uvujaji uonekane. Sijaona mfumo wa ukaguzi unaomshinda mama wa MUSO anayejua bei ya mfuko wa saruji.

Fungu la kasha lenyewe lisiguswe kwa kazi za serikali. Bamama hawa wamelipa karo, mazishi na uzazi kwa fedha hizo. Mji unawadai utaratibu wao tu. Saruji ni deni la mji kwao.

Mkutano

Ufanyike Cimpunda, kwenye ua wa shule, saa mbili asubuhi, ili uishe kabla ya mvua ya mchana. Lugha ni Kiswahili na Mashi. Anayetaka Kifaransa aje na mkalimani wake. Wenye nyumba za rasi wapande kwa miguu, kila mmoja na kiti chake na cha mzee mmoja wa kartie. Ramani ichorwe chini kwa udongo, kubwa kiasi cha kutembelewa, na watoto wa avenue ndio waoneshe mahali maji yanapopita usiku, kwa sababu ndio wanaotumwa. Mabwana wa usanifu waruhusiwe kuzungumza baada ya wabeba mizigo, wamotari na Batwa kumaliza. Ajenda ya kwanza ni mtaro wa Funu. Ya pili ni bomba, ya tatu ngazi, ya nne toroli. Bustani za rasi ziko kwenye ajenda ya tisa, na mwenye haraka nazo anaombwa aje na jembe kusaidia zile nane zilizotangulia.